Yaacheni Majani Yaoze



Wahitimu wetu wa kilimo, siku hii ya majoho nataka tuzungumze habari ya majani makavu. Msitu wa Mau Kusini Magharibi haujawekewa hata gunia moja la mbolea, na miti yake imesimama vizazi na vizazi. Chakula chake ni majani yanayoanguka kutoka juu mwaka mzima, hasa kiangazi jua linapokaza. Kuvu hulilainisha jani, wadudu hulikatakata, nyungunyungu hulivuta chini. Charles Darwin, akiwa tayari na sifa dunia nzima, aliandika kitabu kizima kuhusu nyungunyungu mwaka 1881. Tandiko hilo la majani pia huvunja nguvu ya matone ya mvua, maji yakazama taratibu, na Mto Kipsonoi ukaendelea kutiririka mvua ikikatika.

Sasa tazameni mashamba yetu ya chai. Majani mawili na kichipukizi huenda kiwandani. Hiyo ndiyo riziki yetu. Lakini kila miaka mitatu au minne tunapopogoa, moyo huniuma. Matawi yote hubebwa, majani huchomwa, udongo ukabaki uchi mbele ya mvua hizi zetu. Kisha mkulima huyo huyo hukatwa pesa za chai kulipia mbolea ya 26:5:5, ilhali naitrojeni aliyoinunua mwaka jana imepaa na moshi!

Mama anahitaji kuni, na simlaumu. Achukue matawi manene, aache majani na vijiti. Tena majani hayalingani: ya mti wa tebeswet huanguka na kuoza upesi, ya mkaratusi, magumu yenye mafuta, hukawia sana. Mkulima akiwauliza apande mti gani kando ya chai, fikirieni na majani yake.

Wapo watakaowaambia kwamba shamba lenye majani chini ni la mvivu. Msiwabeze, maana sote tumelelewa kufagia kila asubuhi. Ombeni mistari miwili tu ya chai iliyopogolewa iachiwe majani yake. Rudini baada ya masika, mchimbe pamoja na mwenye shamba, hapo na pale palipochomwa, aushike udongo wa pande zote mbili kwa mikono yake mwenyewe.