Mshale Uliopigwa Kwenye Chuma

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Rabai



Nimeitwa kuzungumza juu ya tangi la maji, na nitazungumza. Lakini kwanza hiki chuma kilicho mezani, maana nasikia pesa za tangi zinataka kukifuata.

Vijana walikichimbua wakitafuta ati mali ya Wajerumani. Upande mmoja kimepanuka kama koleo, upande wa pili kimechongoka kama sururu, katikati kina tundu. Na kuna alama ya mshale mfupi, kama unyayo wa kuku. Basi akatokea bwana mmoja mwenye mashine ya kutambua vyuma, akasema mshale unaonyesha dhahabu ilikofukiwa. Alipwe kwanza, ndipo achimbe.

Jamani, hili ni jembe! Mmechimba mkapata kitu cha kuchimbia. Askari wa Kiingereza walichimbia mahandaki kwa chombo cha namna hii, aina iliyotolewa mwaka 1908. Mpini ulibebwa mbali, kichwa kikatiwa kwenye mfuko uliofungwa mshipini. Mshale ndio serikali ya Uingereza iliougonga kwenye mali yake, watu wajue ni ya serikali. Tena hebu nikigeuze hivi: dhahabu imehama?

Kifuteni kutu polepole, huenda mwaka ukaonekana. Majembe haya yalitumika vita vya 1914 hadi 1918, yakarudishwa tena vita vya pili. Na askari huku kwetu hawakukosekana. Agosti 1914 serikali ililipua kaya ya Wagiriama, Kaya Fungo, kwa baruti, na askari wa KAR wakaletwa kupigana nao. Baadaye Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa vibarua 1,000. Mwaka 1942 nazo meli za kivita za Waingereza zikahamia Kilindini.

Wajerumani je? Waliokuja kukaa hapa Rabai mwaka 1846 ni Krapf na Rebmann, wamisionari, na kazi yao kubwa ilikuwa kuhubiri na kuandika lugha zetu. Rebmann aliondoka mwaka 1875, macho yamekwisha. Anayesema watu hao walifukia dhahabu, muulizeni waliitoa wapi.

Mimi kinachonitia hofu ni chuma kitakachofuata. Penye vifaa vya askari huweza kuwa na risasi au bomu. Kikiwa kama yai lenye mistari ya nanasi, au kama chupa nzito yenye ncha, usikiguse, usikigonge, usikikate umuuzie mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Miaka mia haiui baruti. Weka tawi mbali kidogo, ondoa watoto, mpashe habari chifu na polisi.

Na kuchimba kayani acheni kabisa. Kaya za Rabai ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, na sheria ya Makumbusho ya mwaka 2006 inakataza kufukua vitu vya kale bila kibali. Wazee wa kaya wasingoje kuambiwa na mtu wa nje kwamba shimo limechimbwa.

Jembe hili litapelekwa makumbusho ya Krapf hapa hapa Rabai, watoto walione. Mama mweka hazina, kitabu cha benki kibaki kwako. Sasa tuje kwenye tangi: saruji imefika mifuko mingapi?