Kilema cha Samaki: Urithi au Malezi?

Tangi la samaki si kitu kigeni tena mijini. Utalikuta hotelini, utalikuta sebuleni kwa jirani. Na kila afugaye samaki, siku moja atamwona mmoja aliyepinda mgongo, au asiye na pezi, au ambaye kifuniko cha shavu hakifungi. Hapo ndipo swali huja: samaki huyu aachwe azae, au atengwe?

Wengi hujibu kwa methali kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Wengine husema kilema ni bahati mbaya tu, wakamwacha azae. Majibu yote mawili ni mepesi mno.

Kwanza, kipo kilema cha ukubwani. Samaki aliyeng'atwa mkia na mwenzake hazai vifaranga wasio na mkia. Huko Ujerumani, katika miaka ya 1880, mtaalamu August Weismann alikata mikia ya panya kwa vizazi vitano mfululizo. Wakazaliwa panya 901, na hakuna hata mmoja aliyekosa mkia. Jeraha la mwili haliingii katika mbegu ya uzazi.

Pili, kipo kilema cha malezi. Samaki wengi hawawezi kujitengenezea vitamini C. Wakiikosa wakiwa wachanga, mifupa hudhoofu na uti wa mgongo hupinda. Chakula kilichokaa dukani miezi mingi hupoteza vitamini hiyo, ingawa kopo bado linang'aa. Tena upo ugonjwa unaoitwa kifua kikuu cha samaki, nao hupindisha mgongo. Ugonjwa huu haurithiwi, lakini huambukizwa majini, na mama na vifaranga wakiugua pamoja mtu hudhani ni urithi. Mfugaji naye ajihadhari: vijidudu vyake huweza kupenya kwenye mchubuko wa mkono na kuleta vidonda vya ngozi.

Tatu, kipo kilema cha urithi hasa. Mfano mzuri ni samaki wa dhahabu, ambao Wachina wamewafuga kwa zaidi ya miaka 1,000. Baadhi yao wana mkia wa pacha. Mwaka 2014 wanasayansi walitangaza kwamba asili yake ni hitilafu katika jeni moja. Mfugaji aliiona hitilafu hiyo, akaipenda, akaichagua kizazi hata kizazi. Samaki huyo haogelei vizuri kama mwenzake wa mkia mmoja, lakini kwa mnunuzi hicho si kilema, ni pambo!

Sasa sikiliza jambo linalowaponyoka wengi. Hitilafu ya namna hii hujificha. Samaki aliyerithi nakala moja mbovu na moja nzima huonekana hana dosari. Lakini wakikutana wawili wa hali hiyo, kwa wastani kifaranga mmoja katika kila wanne hutoka na kilema. Ndiyo maana kumtoa aliyepinda peke yake hakutoshi. Ndugu zake walionyooka huenda wamebeba mzigo uleule.

Wala usidanganywe na siku ya kuzaliwa. Kwa samaki wadogo waitwao gapi, upo ukoo ambao vifaranga huzaliwa wakiwa wanyoofu, kisha migongo hupinda wanapokua, na bado ni urithi.

Afanyeje basi mfugaji? Amtenge mwenye kilema, asimzalishe. Abadilishe chakula, asafishe maji, kisha awazalishe wazazi walewale mara nyingine. Vifaranga wapya wakitoka wazima, kosa huenda lilikuwa tangini. Kilema kikirudi katika uzao uleule, huku samaki wa ukoo mwingine wanaolelewa vilevile ni wazima, basi urithi umejidhihirisha. Hapo asiozeshe ndugu kwa ndugu. Atafute damu ngeni.

Ndugu msikilizaji, huu si mchezo wa wenye nafasi tu. Katika Ziwa Victoria sangara alipandikizwa tangu miaka ya 1950, na alipoongezeka kwa wingi miaka ya 1980, furu walipungua vibaya na aina nyingi zikatoweka. Uvuvi wa kupita kiasi na uchafuzi wa maji navyo vilichangia. Baadhi ya furu walichukuliwa wakafugwa katika matangi ya Ulaya na Marekani, ili ukoo wao usife.

Matangi hayo huanza na samaki wachache. Mtunzaji akiwazalisha wenye vilema vya urithi, ataeneza udhaifu. Akiwatupa wote wanaoshukiwa, atapoteza pia urithi mwema waliobeba, na samaki wa kujazia pengo hawapatikani tena ziwani. Kwake yeye, kujua kama mgongo umepindishwa na damu au na kopo la chakula ndiko kutakakoamua kama aina ya furu itaendelea kuwapo.

Kwa hiyo kabla hatujaulaumu ukoo wa samaki, tuanze kwa kukagua maji tuliyomwekea.