Walichoma Nyumba, Tauni Ikarudi

(Mazungumzo kwa wana-kisomo wa Mwamapalala)

Ndugu zetu, akina mama na akina baba, leo tunataka tuwaeleze habari ya Nairobi, mji ule wa Kenya tunaousikia redioni. Ni habari ya zamani, ya mwaka 1902. Lakini ni habari ya panya, na panya tunao hapa. Tena ni habari ya wanyonge walivyotendewa ugonjwa ulipoingia. Basi tusikilizane.

Zamani Nairobi haukuwa mji. Palikuwa mahali pa maji na tope, Wamaasai wakinywesha ng'ombe wao. Jina lenyewe linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ikafika pale. Waingereza wakaweka kambi, na watu wakaifuata. Wengi wa vibarua na mafundi wa reli walitoka India. Wenye maduka nao wengi walitoka huko huko.

Wakubwa wa reli walijenga juu kilimani, penye hewa nzuri. Wenye maduka walikaa chini, karibu na kinamasi. Mtaa wao uliitwa Bazari ya Wahindi. Nyumba zilikuwa za mbao na mabati, zimebanana. Duka, ghala na mahali pa kulala vilikuwa chini ya paa moja. Mitaro ya kutosha haikuchimbwa. Taka zikarundikana. Na penye nafaka na taka, panya hakosi.

Mwaka 1902 tauni ikaingia Bazari. Tauni ni ugonjwa mbaya. Mtu hushikwa na homa kali ghafla, kichwa kinagonga, mwili unalegea. Kisha hutokea mitoki, yaani uvimbe wenye maumivu makali kwenye kinena, kwapani au shingoni. Asipopata dawa, mara nyingi hufa katika siku chache. Ikifika kwenye mapafu, mgonjwa huambukiza wenzake kwa kukohoa.

Je, wakubwa walifanya nini? Daktari wa serikali aliamuru Bazari ichomwe moto. Ikachomwa. Hebu fikirini, ndugu: umehama nchi yako, umehangaika, umepata kiduka. Leo unasimama barabarani unatazama moshi.

Hatutaki kumlaumu yule daktari kwa jambo ambalo madaktari wengi wa siku zile hawakulijua. Mdudu anayeleta tauni, asiyeonekana kwa macho matupu, aligunduliwa mwaka 1894 kule Hong Kong. Mwaka 1898 daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alifanya majaribio mjini Karachi akaona kwamba kiroboto wa panya ndiye anayeupeleka ugonjwa kwa watu. Wenzake wengi hawakumwamini. Ilichukua kama miaka 10 mpaka neno lake likakubaliwa. Kwa hiyo mwaka 1902 watu walidhani ugonjwa umo katika uchafu wenyewe, umejificha kwenye kuta na sakafu. Lakini kuchimba mtaro hakuhitaji darubini. Tope la Bazari lilionekana na kila mtu tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo sisi tunapowalaumu.

Moto ule haukuimaliza tauni. Mwaka 1904 ikarudi. Madaktari wakaomba mji wote uhamishwe, lakini haukuhamishwa. Ikazuka tena miaka ya 1911 na 1912. Mwaka 1913 akaletwa mtaalamu kutoka Uingereza, Profesa Simpson, na moja ya shauri zake lilikuwa kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mitaa mbalimbali. Yaani ugonjwa wa panya ukageuzwa kuwa sababu ya kuwatenga watu kwa rangi! Eti kiroboto naye huuliza rangi.

Sasa tueleze vizuri kazi ya kiroboto. Anakaa kwenye manyoya ya panya, ananyonya damu. Panya akiwa na tauni, kiroboto anaubeba ugonjwa. Panya akifa, mwili unapoa, na kiroboto hataki mwili wa baridi. Anaruka kutafuta mwingine wenye joto. Kama karibu amelala mtoto chini, kwenye mkeka, ndiye huyo huyo. Ukichoma nyumba, panya wanaosalimika wanakimbilia kwa jirani na viroboto wao mgongoni. Ndiyo maana penye tauni wataalamu huua viroboto kwanza kwa dawa, kisha ndipo panya.

Na kuna hasara nyingine ya moto. Mtu akijua kwamba akitaja mgonjwa nyumba itachomwa, je, atamtaja? Atamficha. Mgonjwa aliyefichwa hutibiwa na nani?

Msidhani haya ni ya Nairobi tu, au ya wakati wa wakoloni tu. Hapa hapa kwetu Tanzania, wilayani Lushoto, tauni ilizuka mwaka 1980 ikawatesa wananchi zaidi ya miaka 20. Waliougua walizidi 7,000. Lakini wengi wao walipona, kwa sababu siku hizi dawa zipo. Sindano au vidonge vikianza mapema, mgonjwa hupona. Akichelewa, ni hatari.

Hatuwaambii haya ili kuwatisha. Hatujasema tauni iko Mwamapalala. Tunasema mkiona panya wanakufa wenyewe, wengi, bila sumu wala mtego, msiwashike kwa mikono wala kuwaachia watoto wawachezee. Mwambieni mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Mtu akipata homa na mitoki, apelekwe zahanati mara moja.

Tulipofika hapa, mzee mmoja aliuliza: "Ninyi mnasema tusilale na mazao. Pamba yangu niiweke wapi? Nje itaibiwa." Ni swali la haki, na mama mmoja aliongeza kwamba hata mahindi yakiwa kwenye kihenge cha nje, usiku halali.

Tulijibu hivi. Mwenye nyumba ya vyumba viwili, kimoja kiwe cha mazao na kingine cha kulala, na tundu za ukutani zizibwe kwa udongo. Mwenye chumba kimoja atengeneze kichanja cha miti, magunia yasiguse sakafu wala ukuta, ili aweze kufagia chini yake na kuona kama panya wamezaliana. Watoto walale kitandani, hata kama ni kitanda cha kamba. Mwenye kihenge aweke mabati kuzunguka miguu yake, panya asipande. Na pamba ikishakauka na kuchambuliwa, ipelekwe kupimwa mapema msimu wa kununua unapofunguliwa. Mzee akasema mabati ni ghali. Fundi mmoja aliyekuwa pale akasema madebe mabovu yaliyokunjuliwa yanatosha, na kwamba anayetaka kuonyeshwa aende nyumbani kwake Jumamosi asubuhi.