KUMKESHA MWENZETU ALIYEUMIA KICHWA
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme machache juu ya jambo moja, nalo ni hili: mwenzetu akiumia kichwa akalazwa hospitalini hajitambui, jamaa zake wafanyeje, na sisi tulio wenzake kazini tufanyeje? Tunasema "sisi" kwa sababu kazi hiyo tuliifanya wengi, watu wa gengi letu pamoja na watu wa nyumbani kwake, kwa muda wa siku 41. Hakuna mmoja wetu awezaye kujisifu kwamba aliifanya peke yake.

Ni vizuri mjue kwamba jambo hili si geni katika kazi ya reli. Huko Marekani, katika jimbo la Vermont, alikuwako nyapara wa gengi jina lake Phineas Gage, umri wake miaka 25. Kazi yake ilikuwa kupasua mwamba kwa baruti ili njia ya reli ipite. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka wakati mtaimbo wake ungali ndani ya tundu. Mtaimbo ule, ambao urefu wake ulizidi futi 3 na nusu na uzito wake ulikuwa kama kilo 6, uliingia shavuni upande wa kushoto ukatokea utosini. Hakufa. Lakini baada ya siku kadhaa alizama katika usingizi mzito, na waliokuwa wakimkesha wakakata tamaa, hata wakaweka tayari jeneza na nguo za kuzikia. Daktari wake, Bwana Harlow, aliutoa usaha akazidi kumwuguza, na kabla ya mwaka kwisha Gage alirudi kwa wazazi wake. Aliishi mpaka mwaka 1860. Lakini tabia yake ilikuwa imegeuka. Yeye aliyekuwa nyapara hodari akawa mtu wa matusi na wa kubadili nia kila mara, na wakubwa wake hawakumrudishia kazi yake. Baadaye alipata kazi ya kuendesha magari ya farasi huko Chile, akaifanya miaka kadhaa.

Tumewapa habari hiyo kwa ajili ya mambo mawili: jeneza lililowekwa tayari kabla ya wakati wake, na mtu aliyerudi akiwa si yule yule. Yote mawili nasi tumeyaona kwa macho yetu.

Mwenzetu, ambaye hatutamtaja jina kwa heshima ya watu wake, alianguka kutoka juu ya behewa la mizigo, kichwa kikapiga reli. Hakuwa na kofia ngumu, maana zilizokuwako hazikutosha watu wote. Aliinuka, akajipangusa mavumbi, akasema hana neno. Baada ya muda wa saa moja hivi kichwa kikazidi kumwuma, akatapika, na maneno yake yakawa mazito kama ya mlevi. Tukamlaza juu ya ubao, tukamshika kichwa na shingo visitikisike, tukampeleka. Alipofika hospitali alikuwa haamki tena.

Daktari alitueleza kwamba damu ilikuwa ikivuja kati ya fupa la kichwa na ubongo. Fuvu la mtu mzima ni kama chungu ambacho kifuniko chake kimefungwa. Damu ikiongezeka ndani, ubongo hauna mahali pa kukimbilia, nao hubanwa. Usiku ule ule walimfungua fupa wakaitoa damu. Ndugu zangu, shikeni neno hili: mtu aliyepigwa kichwa akasimama na kusema hana neno, bado si salama. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko ya pili, akishikwa na degedege, au maji meupe yakimtoka puani au masikioni, msimwache akalale. Mpelekeni hospitali upesi.

Kisha kukaanza kukesha. Mama yake alikuja kwa basi usiku kucha, na kaka yake mkubwa akafuata. Kila baada ya muda nesi alikuja, akamwita mgonjwa kwa jina, akamfinya, akaandika hesabu. Hesabu hiyo ilitungwa na madaktari wawili wa Glasgow, Teasdale na Jennett, mwaka 1974. Macho hupewa alama mpaka 4, maneno mpaka 5, na mwendo wa viungo mpaka 6. Mtu aliye macho kabisa hupata 15, na asiyejibu lo lote hupata 3. Aliye na 8 au chini yake hali yake ni ya hatari. Mwenzetu aliingia na 6. Mama yake hakusoma shule, lakini alijifunza kuuliza kila asubuhi, "Leo ni ngapi, mwanangu?" Siku nesi aliposema 7, mama aliwaambia watu wote waliokaa kwenye benchi nje ya wodi, hata wale asiowajua.

Siku ya 11 palitokea mashindano. Kaka mkubwa alisema, "Ng'ombe wawili wamekwisha uzwa. Tumpeleke nyumbani. Kama ni kufa, na afie penye kaburi la baba yake." Mke wa mgonjwa akamjibu, "Shemeji, hapa anapumua. Nyumbani nitamgeuza na nani usiku?" Mama akanyamaza. Sisi hatukuwa na haki ya kuamua, maana wenye mtu ni wao. Tulilofanya ni kumwomba daktari akae nao wote pamoja, aseme nao kwa Kiswahili, asiseme na mmoja mmoja katika ukumbi. Naye akaja. Alisema kwamba uvimbe wa ubongo huwa mbaya zaidi katika siku za kwanza, na huyu amezipita. Hakuahidi kwamba ataamka. Lakini alisema mtu asiyejitambua hulishwa kwa mpira, hugeuzwa ili asipate vidonda vya mgongo, na husafishwa koo ili mapafu yasijae uchafu. Akisafirishwa mbali bila mtu ajuaye kazi hiyo, huenda asifike.

Kaka alisikiliza, kisha akauliza neno moja tu: "Na siku hizo zote atazilipa nani?"

Swali lile halikuwa la daktari. Lilikuwa letu. Jioni ile gengi zima tulikutana, tukapanga zamu. Watu wawili walikwenda kila usiku ili mke na mama wapate kulala katika nyumba ya mmoja wetu iliyo karibu na hospitali. Wake zetu walipika chakula kwa zamu. Siku ya mshahara kila mtu alitoa alichoweza, na mweka hazina akaandika kila shilingi katika daftari, akamwonyesha kaka hesabu yote. Kaka hakusema tena habari ya kumhamisha.

Tulikatazana pia maneno ya maziko kando ya kitanda. Mwaka 2006 wataalamu wa Cambridge, pamoja na Bwana Adrian Owen, walitoa habari ya mwanamke kijana aliyeumia katika ajali ya barabarani, naye hakuonyesha dalili yo yote ya kujitambua. Walipomwambia awaze moyoni kwamba anacheza tenisi, mashine ilionyesha ubongo wake ukifanya kazi kama ubongo wa mtu mzima aliyeambiwa vivyo hivyo. Si kila mgonjwa yu hivyo. Lakini ni nani kati yetu awezaye kumtazama aliyelala akajua? Basi sisi tulimwambia habari za kazini, gari gani limechelewa na nani amepewa likizo.

Siku ya 19 alifungua macho. Tulishangilia, lakini macho yale hayakumfuata mtu. Siku ya 26 mke wake alimwambia, "Nishike mkono," naye akaushika. Halafu ikaja shida nyingine. Alianza kutukana, akavuta mipira, hakujua mwaka wala mahali alipo. Mke alilia akasema, "Huyu si yule niliyeolewa naye." Nesi mmoja mwenye umri alimfundisha vizuri: wengi hupita njia hiyo wakiwa wanaamka, usishindane naye, watu wasizidi wawili, aseme mmoja kwa wakati mmoja, mwambieni taratibu leo ni siku gani na yupo wapi.

Siku ya 41 alitoka. Leo anatembea kwa fimbo. Husahau, huchoka upesi, na hasira yake i karibu. Kazi ya njia ya reli hawezi tena. Kwa hiyo kukesha kwetu hakujaisha, kumehama tu kutoka wodi kwenda ofisini.

Wanachama na wajue haki yao. Kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, mwajiri akiisha kupata habari ya ajali, yampasa kumwarifu Mkurugenzi wa serikali katika siku 7, na kama mtu amekufa, katika saa 24. Gharama za matibabu zinazostahili ni juu ya mwajiri. Asiyeweza kazi kwa muda ana haki ya kupata malipo wakati huo, nayo hayapiti miezi 12. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa kufuata mshahara wa miezi 96. Na madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Mtu aliyelala hawezi kuhesabu miezi, na mke aliye kando ya kitanda hana nafasi. Hesabu hiyo ni wajibu wa tawi. Madai ya mwenzetu yalipelekwa mwezi wa tatu, yakiwa na majina ya mashahidi wanne. Jibu bado tunalingoja.

Basi twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, kila gengi liwe na mtu mmoja wa kuandika ajali siku ile ile, pamoja na majina ya walioona. Pili, tawi liwe na mfuko wa kukesha, ili jamaa wasiuze ng'ombe kabla hatujauliza hali yao. Tatu, mtu asipande juu ya behewa bila kofia ngumu, na kofia zikipungua, kazi ile ingoje mpaka zipatikane.

Na Jumapili hii, atakayepata nafasi aende kumtazama mwenzetu nyumbani kwake. Akikuuliza jina lako mara tatu, mjibu mara tatu.