Mkataba Unaofika Mkesha wa Kusainiwa: Changamoto za Kisheria na Kiutawala Zinazomkabili Mwanasheria wa Shirika



Niliombwa nitoe mada kuhusu changamoto zetu zote, za kisheria na za kiutawala. Uwanja ni mpana na ratiba inanidai nimalize kabla ya chai, kwa hiyo nitapita mbio penye mambo mnayoyajua ili nikae pale tunapoumia.

1. Mwanasheria wa shirika

Ni mwanasheria mwenye mteja mmoja, na mteja huyo ndiye mwajiri wake. Mteja ni shirika lenyewe kama mtu wa kisheria. Si mkurugenzi mtendaji, wala si mwenyekiti wa bodi, ingawa barua ya kukupandisha cheo au kukuhamisha itakuwa na saini ya mmoja wao. Wengi wetu tumeongezewa na ukatibu wa bodi. Majukumu hayo, hapa Tanzania, yamo katika Sheria ya Kampuni ya 2002 na, kwa mashirika ya umma, katika sheria zilizoyaanzisha. Hapo sina la kuongeza.

2. Changamoto nyingine kwa ufupi

Ya kwanza ni ukomo wa muda. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na sisi tukishindwa Mahakama Kuu tuna siku 30 za kutoa notisi ya rufaa. Siku hizo haziongezeki kwa sababu wito ulipokelewa na mlinzi getini, ukawekwa chini ya daftari la wageni.

Ya pili ni kasi ya sheria mpya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na bado zipo ofisi zinazobandika ukutani majina ya wadaiwa na namba zao za simu. Kanuni za Benki Kuu za 2025 zimezuia bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, lakini rasimu za mikataba ya pango zenye dola zinaendelea kuletwa.

Ya tatu ni siri ya wakili na mteja. Uingereza, tangu shauri la Alfred Crompton la 1972, inamlinda mwanasheria mwajiriwa kama inavyomlinda wakili wa nje. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa kufanya hivyo mwaka 2010 katika shauri la Akzo Nobel, kwenye uchunguzi wa ushindani wa kibiashara, kwa hoja kwamba mwajiriwa hana uhuru mbele ya mwajiri wake. Hoja inauma, lakini baadhi yetu humu tunajua imetoka wapi.

Kwa mashirika ya umma, marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yanataka anayetushtaki atoe notisi ya siku 90 na amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Shauri linasimamiwa na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na sisi tunabaki kutafuta nyaraka. Huko kwenye nyaraka ndiko tatizo langu kubwa linakoanzia.

3. Mkataba unaofika umechelewa

Kila mmoja hapa anaijua Ijumaa hiyo. Saa tisa alasiri faili linaletwa na mhudumu, kurasa themanini, na juu yake dokezo la mstari mmoja: "Mwanasheria, pitia leo. Hafla kesho saa tatu." Ukienda ukumbini unakuta meza imekwisha kutandikwa kitambaa, bendera mbili ndogo zimewekwa, na mpiga picha anapima mwanga. Unafungua mkataba. Kifungu cha malipo kinakuelekeza kwenye Kiambatisho C, na Kiambatisho C ni ukurasa mtupu wenye maneno "kitawasilishwa baadaye". Migogoro itasikilizwa London. Mkataba utajihuisha wenyewe tusipotoa notisi miezi sita kabla. Hakuna aliyepangiwa kuikumbuka tarehe hiyo.

Hapo mwanasheria ana njia mbili. Aandike "hakuna pingamizi la kisheria", au aitwe mkwamishaji. Neno hilo la pili ndilo limewanyamazisha wenzetu wengi kuliko sheria yoyote. Kwa heshima zote kwa menejimenti zetu, ambazo zina shinikizo lake kutoka juu, hali hii si ya bahati mbaya. Ni utaratibu wa kazi uliozoeleka, nao unamfanya mwanasheria kuwa mtu wa mwisho kuuona mkataba na wa kwanza kuulizwa ukiharibika.

Wapo wanaosema kuchelewa hakuna madhara kwa kuwa mkataba mbaya unaweza kuvunjwa baadaye. Lakini kwa kampuni, kanuni ya shauri la Royal British Bank dhidi ya Turquand la 1856 inamlinda mtu wa nje aliyefanya biashara kwa nia njema: si kazi yake kuchungulia kama vikao vyetu vya ndani vilikaa. Kwamba kitengo cha sheria hakikushirikishwa ni aibu yetu, si utetezi.

Nawakumbusha pia shauri la shirika letu la umeme, TANESCO, na kampuni ya kufua umeme ya Dowans. Siasa za shauri hilo naziacha pembeni. TANESCO ilivunja mkataba mwaka 2008 ikisimamia hoja kwamba mkataba wa awali, ule wa kampuni ya Richmond ambao Dowans iliurithi, ulikuwa na kasoro tangu ulipoingiwa. Novemba 2010 wasuluhishi wa Chama cha Kimataifa cha Biashara (ICC) wakaamuru shirika lilipe zaidi ya dola milioni 65 za Marekani. Kasoro ya mwanzo haikuwa kinga ya mwisho. Muda wa kuikamata ulikuwa kabla ya wino.

Sasa niseme jambo ambalo nimeliandikia madokezo mengi hadi masijala wananitania. Tunapigania kuuona mkataba kabla ya kusainiwa, na hapo tayari tumechelewa. Katika ununuzi wa umma, masharti ya mkataba hutangazwa pamoja na nyaraka za zabuni. Mzabuni anapanga bei yake kwa kuyatazama masharti hayo, na majadiliano ya baada ya ushindi hayaruhusiwi kuyageuza kimsingi. Kanuni za 2013 ziliweka mpaka wa shilingi bilioni moja: mkataba unaofikia hapo ulipekuliwa na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, wa chini yake ulipekuliwa na ofisa sheria wa taasisi. Tukauchukua mpaka huo kama ndio kazi yenyewe, tukasahau kwamba anayepekua rasimu ya mwisho anapekua mambo yaliyokwisha kuamuliwa na kitengo cha ununuzi na idara tumizi. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Na. 10 ya 2023, na mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST vimeharakisha hatua. Mfumo unakuonyesha zabuni ilipofika. Hauwezi kumlazimisha mkuu wa idara akuite mezani wakati wa kuandika mahitaji.

Na baada ya saini? Mkataba unafungiwa kabatini. Msimamizi wa ghala anayepokea mzigo hajawahi kuuona, na hata angeuona umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Anapokea bidhaa pungufu, anasaini hati ya kupokelea, na sisi miaka miwili baadaye tunaenda kushitaki tukiwa na saini yake dhidi yetu.

4. Mapendekezo

Mengine yanarudia niliyokwisha kusema, nanyi mtanivumilia, maana yanarudiwa kwa sababu hayajatekelezwa.

Kwanza, kitengo cha sheria kishirikishwe tangu mpango wa ununuzi wa mwaka, na nyaraka za zabuni zisitangazwe bila saini ya mwanasheria. Pili, pawe na muda wa chini wa upekuzi uliopitishwa na bodi, na mkataba wenye kiambatisho kitupu uhesabiwe kuwa haujawasilishwa. Tatu, hafla ya kusaini ipangwe baada ya upekuzi. Najua hili linagusa itifaki, lakini liandikwe.

Mkuu wa kitengo cha sheria awe na njia ya kuifikia bodi moja kwa moja, na uhamisho wake uidhinishwe na bodi. Maoni ya kisheria yaandikwe kwenye dokezo kila mara, hata yakikataliwa; ofisa masuhuli akiamua kinyume aandike sababu, kwa kuwa mkaguzi atakuja kuuliza. Pawe na daftari la mikataba lenye tarehe za kuisha, za notisi na za dhamana, na mtu mmoja mwenye jina anayewajibika nalo. Kila mkataba uwe na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja kwa msimamizi wa ghala, mhasibu na mhandisi wa mradi. Wito wote wa mahakama uandikishwe siku hiyo hiyo. Bajeti ya mafunzo ya wanasheria isiwe ya kwanza kukatwa. Na narudia: mwanasheria aitwe mapema.

Mwenyekiti, ombi langu la mwisho ni la kiutendaji. Maazimio ya semina zetu huwa yanagawiwa kwa washiriki. Safari hii yapelekwe kwa wenyeviti wa bodi na maofisa masuhuli, kwa barua, na wajibu kwa barua. Sisi tuliomo humu tumekwisha kuyasikia.