Homa Zote Si Malaria
Hotuba kwa wanachama wa tawi la Nakuru



Mmezoea kutusikia tukizungumza habari za mishahara, nyumba na masaa ya kazi. Leo twataka kusema juu ya damu, kwa maana mfanya kazi hana mali ya kuuza ila nguvu zake, naye mwenye damu chafu hana nguvu.

Sisi watu wa Nakuru, Njoro, Molo na Gilgil tuna desturi moja. Mtu akishikwa na homa twasema ni malaria, kisha twakwenda dukani kununua vidonge. Lakini mji wetu uko juu, kama futi 6,000, na malaria si nyingi hapa kama ilivyo Kisumu. Homa nyingine huletwa na wadudu wadogo sana waitwao bakteria, walioingia katika damu yenyewe. Hupitia jeraha, kichomi, ugonjwa wa mkojo, taifodi, au kitovu cha mtoto mchanga.

Msidhani ni jambo dogo. Huko Kilifi, ambayo ni nchi ya malaria, madaktari waliangalia habari za watoto 19,339 waliolazwa hospitalini tangu 1998 hadi 2002. Walitangaza matokeo mwaka 2005: katika kila watoto 100 waliokufa, 26 walikuwa na bakteria katika damu. Na theluthi moja ya hao walikufa siku ile ile waliyofikishwa. Basi ndugu, adui huyu hangoji.

Hutambuliwaje? Damu hutolewa mkononi, ikatiwa katika chupa yenye mchuzi wa kulisha wadudu. Chupa huwekwa mahali pa joto kama la mwili. Wadudu wakiwamo, huzaana na kutoa hewa, na mashine huiona hewa hiyo. Mara nyingi huchukua siku moja au mbili. Kisha fundi wa maabara hupaka tone juu ya kioo na kulitia rangi, kwa njia aliyoivumbua Hans Christian Gram wa Denmark mwaka 1884. Wakiwa zambarau ni kabila moja, wakiwa wekundu ni kabila jingine. Kwa njia ya zamani, kupata jina kamili huhitaji siku moja au mbili zaidi, na kujua dawa itakayowaua, siku nyingine tena.

Siku hizi iko mashine inayofupisha safari hiyo. Wadudu waliooteshwa hupigwa kwa mwanga mkali, na vipande vya miili yao hurushwa ndani ya bomba. Sisi watu wa reli twaweza kufahamu upesi: kiberenge na treni ya mizigo vikisukumwa kwa nguvu moja, kiberenge hutangulia kufika. Vivyo hivyo vipande vyepesi hufika kwanza, vizito nyuma. Kila aina ya mdudu ina ratiba yake ya kufika, na mashine huisoma na kutaja jina kwa dakika chache. Koichi Tanaka wa Japani alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi iliyosaidia kufungua njia hiyo. Iko pia mashine nyingine isomayo mbegu za uzazi za wadudu, ambayo kwa muda wa saa moja hivi tangu chupa ionyeshe dalili hutaja jina, na hata kama wamezoea dawa fulani.

Wengine watasema, hizo ni mashine za mamilioni, si zetu. Twajibu: treni ya haraka haina faida ikiwa mizigo imelala stesheni. Chupa ikikaa mezani toka Ijumaa hadi Jumatatu, mashine itafanya nini? Na damu isipotolewa kabisa?

Mwenzetu mmoja wa genge la njia alichanwa mguu na taruma la chuma. Katika zahanati moja alipigwa sindano, damu haikutolewa. Homa iliporudi akapelekwa hospitali kubwa, lakini ile sindano ilikuwa imekwisha kuwaficha wadudu, wasioteke katika chupa. Madaktari wakabahatisha dawa. Alipona, ila mguu aliuacha huko.

Kwa hiyo yatupasa mambo matatu. Kwanza, tusinunue dawa za kuua bakteria dukani kwa kubahatisha. Hizo ndizo huwafundisha wadudu ukaidi. Pili, mgonjwa mwenye homa na kutetemeka, anayehema haraka, aliyechanganyikiwa akili au mwenye ngozi baridi, apelekwe hospitali saa ile ile. Tuulize kwa heshima: "Daktari, damu ya kuotesha imetolewa kabla ya sindano?" Lakini dawa isicheleweshwe kwa kungoja majibu, damu itolewe, dawa ianze, na majibu yakifika ibadilishwe ikihitajika. Tatu, halmashauri yetu iandike kipimo hiki katika madai ya matibabu, pamoja na mtu wa kupeleka chupa maabara usiku na siku za mapumziko.

Treni haisimami kwa sababu ni Jumapili. Wala mdudu hasimami. Tupige kura juu ya dai hili leo, kabla hatujatawanyika.