Mtoto Anayeangusha Vikombe

Leo tunamzungumzia mtoto ambaye mikono, miguu na uso wake vinacheza bila yeye kutaka.

Tuseme una msichana wa miaka 9, anasoma hapo Othaya au Karatina. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, lakini siku hizi kalamu inaruka ruka. Kikombe cha chai kinamponyoka. Mabega yanashtuka, uso unakunjamana, na analia kwa jambo dogo. Mwalimu anasema ni utundu, jirani ananong'ona kwamba amerogwa, na wewe, kwa kuchoka kununua vikombe, umemchapa. Tafadhali usimchape tena. Huenda ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ulianzia kooni.

Je, unakumbuka kama aliumwa na koo mwezi mmoja au hata miezi sita iliyopita? Kuna bakteria waitwao streptokokasi wanaoleta maumivu ya koo. Kinga ya mwili inapopigana nao, kwa watoto wengine hukosea na kushambulia viungo, moyo na ubongo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikigusa ubongo, huleta mitikisiko hii, ambayo madaktari huiita korea ya Sydenham. Si ile nchi ya Korea! Sydenham alikuwa daktari wa Uingereza aliyeieleza mwaka 1686. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, wasichana kuliko wavulana.

Unaweza kumwangalia nyumbani. Mwambie atoe ulimi na asiurudishe: utaona unaingia na kutoka wenyewe. Kisha mpe vidole vyako viwili avishike kwa nguvu. Mkono wake utakaza na kulegea, kukaza na kulegea, kama mtu anayekamua ng'ombe. Sisi wa Nyeri tunaoamka alfajiri kukamua hatuwezi kukosea dalili hiyo. Akilala usingizi, mitikisiko hutulia. Tena si kifafa cha kuanguka, kwa maana mtoto anakusikia na kukujibu wakati wote.

Mitikisiko yenyewe kwa kawaida huisha baada ya miezi kadhaa, na hapo ndipo wazazi wengi hukosea, wakadhani mambo yamekwisha. Hatari kubwa iko moyoni. Vali za moyo zinaweza kuwa zimeumia kimya kimya, bila mtoto kulalamika. Kwa hivyo mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, na uulize kuhusu kupigwa picha ya moyo katika hospitali kubwa kama ile ya rufaa ya kaunti ya Nyeri, hata kama moyo unasikika sawa.

Daktari akithibitisha, mtoto atachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, mara nyingi hadi afikishe miaka 21. Ndiyo, ni muda mrefu, na sindano ina uchungu. Lakini kila anapopata tena koo lenye bakteria hao bila kinga, moyo unaweza kuumia zaidi.

Kabla sijasahau: mtoto akipinda shingo ghafla na macho yakageukia juu baada ya kupewa dawa ya kuzuia kutapika, kama vile Plasil, usimpe tena dawa hiyo. Mkimbize hospitali ukiwa na pakiti yake. Hilo ni jambo tofauti, na kuna sindano ya kulituliza.

Kwa yule wa penisilini, andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, pale pale unapoandika siku ng'ombe alipopandishwa. Na mwalimu wake aambiwe, ili ampe muda zaidi wa kuandika.